Strima chanya kwenye kompyuta: kwa nini inanenepa, inasimama au inapasuka

Swali la msomaji: Nasoma uzamili wa uhandisi wa umeme. Nimeandika kwa Python programu ya kuiga strima chanya hewani, yaani mfereji mwembamba wa hewa iliyoionishwa unaokua kutoka sahani chanya kuelekea sahani hasi (kathodi): sahani mbili zilizoachana 1.25 cm, volteji 18.75 kV, shinikizo bar 1, ulinganifu wa kuzunguka mhimili. Visanduku vya gridi ni mikromita 25 kila mahali. Strima inatoka, ila ni nene, uga kwenye ncha unaganda karibu na 90 kV/cm, na kila nikipunguza visanduku kasi inabadilika. Nikiziondoa elektroni nilizotawanya hewani mwanzoni, inasimama kabisa. Mara nyingine ncha inapasuka palepale kwenye mhimili. Laptopu yangu ina RAM ya GB 16. Je, kosa ni la fizikia au la programu?

Jibu: Ni la programu, isipokuwa hilo la kusimama, ambalo ni fizikia inayofanya kazi yake sawasawa. Dalili zako tatu zina vyanzo vitatu. Unene na kasi isiyotulia vinatokana na gridi. Kusimama kunatokana na kukosa elektroni mbele ya ncha. Kupasuka kwenye mhimili karibu kila mara ni hesabu mbaya pale r = 0, au kitatuzi cha potenshali kilichoachishwa kazi mapema. Usiiguse milinganyo yako kwanza.

Vipimo ulivyochagua vina bahati moja kubwa: ndivyo vilivyotumika mwaka 2018 pale vikundi sita vya watafiti, kikiwemo cha CWI, taasisi ya hisabati na kompyuta ya Amsterdam, vilipolinganisha programu zao kwa strima chanya hewani katika jarida la Plasma Sources Science and Technology. Kwa hiyo una jibu la kujipimia. Rudi kwenye tatizo lao kama lilivyo, bila kuongeza kitu. Eneo ni 1.25 cm kwa 1.25 cm, joto 300 K, uga wa nyuma 15 kV/cm. Mbegu, yaani chaji ya kuanzishia strima, ni ioni chanya peke yake, N₀ exp(−(r² + (z − z₀)²)/σ²), r ikiwa umbali kutoka mhimili na z kimo, ambapo N₀ = 5×10¹⁸ kwa mita ya ujazo, σ = 0.4 mm na z₀ = 1 cm. Kila mahali pana elektroni na ioni 10¹³ kwa mita ya ujazo. Ioni hazisogei. Tabia za elektroni (μ ni wepesi wa kusogea, D ni mtawanyiko, α ni uzalishaji wa elektroni mpya kwa kila mita) hutoka kwenye fomula tatu tu, E ikiwa kwa V/m na majibu kwa vipimo vya SI:

μ = 2.3987 E^−0.26

D = 4.3628×10⁻³ E^0.22

α = (1.1944×10⁶ + 4.3666×10²⁶/E³) exp(−2.73×10⁷/E) − 340.75

Namba 340.75 ndiyo kunaswa kwa elektroni na oksijeni, tayari imeshatolewa. Ukiichora α utaona inavuka sifuri karibu na 24 kV/cm, si 30 kama vitabu vya volteji kubwa vinavyosema. Usiirekebishe: ni fomula ya kulinganishia programu, haikukusudiwa kuwa picha kamili ya hewa. Wengi wakiona hivyo huanza kuchezea namba, na tangu hapo hawana tena cha kujipimia.

Kabla ya kuendesha hata hatua moja ya muda, fanya ukaguzi wa aina mbili. Jumlisha mbegu yako kwenye gridi nzima, kila kisanduku ukikizidisha kwa ujazo wake 2πr Δr Δz. Jibu kamili ni N₀ π^1.5 σ³, yaani ioni 1.78×10⁹. Ukipata pungufu au zaidi kwa asilimia hata moja, ujazo wa visanduku vyako una kosa, na mara nyingi kosa liko kwenye safu ya kwanza kutoka mhimili. Kisha tatua mlinganyo wa Poisson, ule unaotoa potenshali na uga kutokana na chaji, mara moja uangalie uga. Chaji ya mbegu peke yake hutoa takriban 69 kV/cm kwenye umbali unaokaribia σ kutoka kitovu. Ongeza 15 za nyuma, punguza kidogo kwa ajili ya sahani ya juu iliyo 2.5 mm tu kutoka kitovu: upande wa chini, kwenye mhimili, unatakiwa kuona karibu 83 kV/cm. Ukiona 69 umesahau volteji ya sahani. Ukiona namba ya ajabu kabisa, angalia kama ukuta wa pembeni umepewa potenshali sifuri badala ya mteremko sifuri. Kosa hilo huupinda uga wa nyuma wote.

Sasa gridi. Ncha ya strima chanya katika hewa ya bar 1 hubeba uga wa 100 hadi 200 kV/cm. Chukua 150, yaani 1.5×10⁷ V/m, uiweke kwenye fomula: α inatoka karibu 2.14×10⁵ kwa mita, maana yake elektroni moja huzaa nyingine kila mikromita 4.7. Kisanduku chako ni mikromita 25. Ndani ya kisanduku kimoja wingi wa elektroni ungepaswa kuongezeka zaidi ya mara 200, na programu yako inajaribu kulielezea hilo kwa thamani moja. Haiwezi. Ikishindwa, inaitandaza safu ya chaji kwenye visanduku viwili vitatu, safu ikitanda uga unashuka, na uga ukishuka α inashuka. Ndiyo 90 kV/cm uliyoiona.

Kanuni inayotumika sana ni kuhakikisha α Δx haizidi 1. Kwa 150 kV/cm hiyo ni mikromita 4.7, kwa 200 kV/cm ni kama 3. Lenga 3. Ukitaka kubana zaidi, pima α kwa uga uliozidishwa 1.2, ili gridi iwe imeshakuwa laini kabla ncha haijafika hapo. Kisanduku kinaruhusiwa kupanuka tena pale α Δx inaposhuka chini ya 0.125, lakini kisivuke mikromita 10 ndani ya mfereji.

Hata hivyo visanduku vidogo peke yake havitakuokoa ikiwa unasafirisha elektroni kwa njia rahisi ya daraja la kwanza, ile inayochukua thamani ya kisanduku kinakotoka mkondo. Njia hiyo huongeza mtawanyiko wa bandia wenye ukubwa wa karibu v Δx/2. Piga hesabu: kwa 150 kV/cm, v = μE ni kama 4.9×10⁵ m/s, kwa Δx ya mikromita 3 mtawanyiko wa bandia ni 0.73 m²/s. Mtawanyiko halisi kutoka kwenye fomula ya D ni 0.165. Yaani hata kwenye gridi nzuri ya bandia ni zaidi ya mara nne ya halisi, na kwenye mikromita 25 ni zaidi ya mara thelathini na tano. Katika strima chanya madhara yake ni makubwa zaidi kuliko yanavyoonekana, kwa sababu elektroni zinazotawanyika kwa uongo huvuka kwenda mbele ya ncha, pale hasa ambapo chache tu zinatosha kuanzisha banguko jipya. Ncha inalishwa chakula ambacho hewa haikuwa nacho, inanenepa, na kasi yake inafuata ukubwa wa kisanduku badala ya kufuata fizikia.

Tumia njia ya daraja la pili yenye limita, yaani kizuizi kinachozuia mawimbi ya uongo kwenye kingo kali. Ile ya Koren inatosha, na katika NumPy ni mistari kumi hivi. Wanaotoka kwenye hesabu za semikonda hupenda njia ya Scharfetter na Gummel. Ni imara, ila mkondo unapouzidi sana mtawanyiko inarudi kuwa sawa na ile ya daraja la kwanza. Hapa uwiano v Δx/D ni kama 9 hata kwa mikromita 3, kwa hiyo usitegemee ikusaidie.

RAM ya GB 16 inatosha. Gridi ya mikromita 3 kila mahali ingekuwa na visanduku milioni 17, na hapo Python italalamika, lakini hakuna sababu ya kuwa nayo kila mahali. Visanduku 250,000 ulivyo navyo leo vinakaribia kutosha. Vimewekwa mahali pasipo na kazi. Una njia mbili. Ya kwanza ni gridi isiyobadilika lakini isiyo sawa: kuelekea nje, visanduku vidogo hadi umbali unaozidi nusu-kipenyo cha strima, halafu kila kinachofuata kiwe kikubwa kwa asilimia 5 hivi hadi ukutani, kuelekea z, vidogo kwenye njia nzima ya strima. Faida yake ni kwamba matriksi ya Poisson haibadiliki kamwe. Ivunje kwa LU (kuwa matriksi mbili za pembetatu) mara moja mwanzoni, kisha kila hatua ni kurudisha majibu tu. Anza na mikromita 6 ili ujue RAM inavyokwenda, maana uvunjaji wa LU ndio unaokula kumbukumbu kuliko kitu kingine chochote.

Njia ya pili ni gridi inayojirekebisha pamoja na maltigridi, yaani kutatua Poisson kwa zamu kwenye gridi za ukubwa tofauti. Kuiandika mwenyewe ni kazi ya miezi, na kwa shahada ya uzamili sikushauri. CWI wanatoa bure afivo-streamer, iliyoandikwa kwa Fortran, inayotumia kori zote za kompyuta moja na kuendeshwa kwa faili la maandishi la mipangilio. Hata ukiamua kubaki na Python yako, iwe nayo pembeni: endesha tatizo lilelile, chora majibu mawili juu ya karatasi moja.

Hatua ya muda ina mipaka miwili na wengi hukumbuka mmoja. Wa kwanza ni kwamba elektroni zisiruke zaidi ya nusu ya kisanduku: mikromita 3 na 4.9×10⁵ m/s hukupa pikosekunde 3. Wa pili ni muda wa chaji kujipanga upya ndani ya mfereji, ε₀/(e μ nₑ). Msongamano ukiwa 10²⁰ kwa mita ya ujazo na uga wa ndani 5 kV/cm, muda huo ni pikosekunde 7. Sasa tazama kilichokupata: kwa mikromita 25, mpaka wa kwanza unakuruhusu pikosekunde 25. Ukiufuata huo peke yake, umeuvuka wa pili zaidi ya mara tatu, na uga ndani ya mfereji huanza kubadili alama kila hatua kama meno ya msumeno. Chukua mdogo kati ya hiyo miwili, kila hatua, na usafirishe kwa mpango wa daraja la pili kama wa Heun, ukitatua Poisson upya katikati. Strima inayokwenda 5×10⁵ m/s huvuka 1 cm kwa nanosekunde 20, yaani hatua kama 6,500. Mizunguko ya `for` juu ya visanduku itakumaliza. Andika kwa safu nzima za NumPy au tumia Numba.

Tuje kwenye kusimama. Elektroni huenda kinyume na uga, na strima chanya huenda upande wa uga. Kwa maneno mengine, inakwenda kinyume na elektroni zake. Haiwezi kujisukuma mbele. Inasubiri elektroni zilizoko mbele zije kwake, zikizaliana njiani. Ukiziondoa zote, kinachobaki ni mtawanyiko mdogo tu, nayo inasimama. Programu yako ilikuwa sahihi hapo. Kwenye ulinganisho wa 2018 hali ya kwanza ina 10¹³ kwa mita ya ujazo, sawa na elektroni 10,000 katika kila milimita ya ujazo, na inakwenda vizuri. Hali ya pili ina 10⁹ bila fotoni (chembe za mwanga, nitakazozieleza hapa chini). Hiyo ni elektroni moja kwa milimita ya ujazo! Mlinganyo unaochukulia elektroni kama kimiminika hauna haki ya kuzungumzia nusu ya elektroni, lakini kwa kulinganisha programu ni mtihani mkali, kwa sababu ukingo wa mbele wa ncha unakuwa mkali mno na gridi inabanwa zaidi. Iache hadi ya kwanza ikubali.

Katika hewa halisi elektroni hizo huletwa na mwanga. Nitrojeni iliyosisimka hutoa fotoni za nanomita 98 hadi 102.5, na oksijeni huzimeza na kupoteza elektroni. Modeli inayotumika tangu 1982 ni ya Zheleznyak na wenzake. Kwa oksijeni yenye shinikizo la Torr 150, fotoni zinazomezwa haraka huishia mikromita 33 na zinazokwenda mbali hufika karibu 2 mm. Hizo za mbali ndizo zinazoitengenezea strima njia.

Usihesabu kila kisanduku dhidi ya kila kisanduku. Tumia milinganyo mitatu ya Helmholtz iliyotolewa na Bourdon na wenzake mwaka 2007:

∇²Sⱼ − (λⱼ p)² Sⱼ = −Aⱼ p² I

p ni shinikizo la oksijeni kwa Torr. A ni 1.986×10⁻⁴, 0.0051 na 0.4886, λ ni 0.0553, 0.1460 na 0.89. I ni idadi ya uionishaji kwa sekunde kwa ujazo, mara ξ = 0.075, mara 30/(750 + 30), 750 ikiwa bar 1 kwa Torr, kwa sababu migongano huzima nitrojeni nyingi kabla haijatoa mwanga. Jumla ya S tatu ndiyo unayoongeza kwenye elektroni na ioni. Ni Poisson ileile yenye neno moja zaidi, na kitatuzi chako kinaifaa. Huna haja ya kuitatua kila hatua. Kila baada ya hatua chache inatosha.

Mtego uko kwenye vipimo. A na λ ni za sentimita, programu yako ni ya mita. Ukisahau kugeuza A p², chanzo kinakosea mara 10,000, na cha kuudhi ni kwamba strima bado inatembea, kwa hiyo hushtuki. Jipime hivi: weka I kwenye doa dogo katikati ya eneo, tatua, kisha jumlisha S kote. Katika hewa isiyo na mipaka uwiano wa jumla ya S kwa jumla ya I ni Σ Aⱼ/λⱼ², yaani 0.92. Kwenye eneo lako utapata pungufu kidogo kwa sababu ya sahani. Ukipata 9,200 au 0.000092, umeshajua.

Kuhusu kupasuka kwenye mhimili. Weka vitovu vya visanduku vya kwanza kwenye Δr/2, si kwenye r = 0, na mkondo unaopita mhimili uwe sifuri kwa sababu eneo lake ni sifuri, siyo kwa sababu umeulazimisha. Andika mgawanyiko kama (r₊F₊ − r₋F₋)/(r Δr). Ukiuandika kama ∂F/∂r + F/r, chaji inavuja taratibu pale karibu na mhimili. Kisha angalia kitatuzi: kama ni cha kurudiarudia, kosa lililobaki huonekana kwanza kwenye visanduku vyenye ujazo mdogo kabisa, navyo viko kwenye mhimili. Punguza kiwango cha kuachia mara mia moja uone kama mpasuko unaondoka. Ukibaki hata baada ya hapo na gridi ni ya mikromita 3, simamisha uigaji. Katika ulinganifu wa kuzunguka, tawi lililotoka nje ya mhimili ni pete nzima, na hewani hakuna strima yenye umbo la pete.

Baada ya hali ya kwanza na ile yenye fotoni kukubali, ndipo uzibadilishe zile fomula tatu kwa takwimu za kweli: programu ya BOLSIG+, inayokokotoa tabia za elektroni kwenye gesi, pamoja na seti ya migongano ya Phelps kutoka hifadhidata ya LXCat, hewa ya nitrojeni asilimia 80 na oksijeni 20. Chukua thamani za aina ya mtiririko (flux), ambazo ndizo milinganyo hii inazitaka, na jedwali lifike mbali: 150 kV/cm kwenye bar 1 na 300 K ni zaidi ya Td 620 (Td, townsend, ni kipimo cha uga ukigawanywa kwa msongamano wa gesi), kwa hiyo kuishia Td 500 ni kuikata ncha. Mwambie BOLSIG+ msongamano halisi wa gesi, la sivyo kunaswa kwa elektroni kunakohitaji molekuli ya tatu kutatoka vibaya. Na ikiwa utalinganisha na maabara, weka shinikizo la mahali pale. Nairobi, kwa mwinuko wake, hewa ni karibu bar 0.83, kwa joto lilelile, uga wa kuvunja hewa unashuka kwa asilimia kama 17 ukilinganisha na Dar es Salaam au Mombasa, na hilo linatosha kugeuza strima inayosita kuwa strima inayovuka.

Majibu yako yachore kwa mistari miwili: mahali uga ulipo mkubwa zaidi kwenye mhimili dhidi ya muda, na ukubwa wenyewe wa uga huo dhidi ya mahali hapo. Picha za rangi huficha makosa. Kwa kuwa safari yote ni karibu mstari ulionyooka, toa kasi ya wastani mara muda kutoka kwenye mstari wa kwanza uchore kilichobaki. Tofauti za asilimia mbili ambazo hukuziona zitajitokeza. Punguza Δx kwa nusu na hatua ya muda kwa nusu, moja kwa wakati wake, hadi mistari ilaliane. Acha kupima ncha ikibakiza 2 mm kufika kathodi, kwa sababu hapo uga hupanda kwa kasi, α inadai gridi ndogo zaidi, na makadirio kwamba elektroni hufuata uga wa pale zilipo tu huanza kuzalisha elektroni zisizokuwepo.

Matawi halisi ni mradi mwingine. Yanahitaji vipimo vitatu na fotoni zinazorushwa kwa bahati nasibu, moja moja, kwa sababu ni uchache wa fotoni hizo unaoamua ncha igawanyike upande gani. Mikromita 3 kila mahali katika mchemraba wa 1.25 cm ni visanduku bilioni 72. Kwa gridi inayojirekebisha inawezekana, ila si kwa laptopu hiyo.